Kuchota Maji na Bibi, Ilagala

Bibi yangu wa Ilagala ananiita mume wake. Nikishuka tu kwenye gari wakati wa likizo, ananipokea kwa kunisuta: "Umekuja mikono mitupu, mwanamume gani wewe? Hata sukari?" Namjibu kwamba ukimwoa mwanamke asiye na meno, sukari ya nini. Hapo ndipo anapovua kandambili na mimi nakimbia.

Kwake kuna raha ambayo wenzangu wa darasani Ujiji hawaiamini. Hakuna kengele, hakuna wa kukukagua kucha. Samaki wa mgebuka anatoka ziwani anaingia kwenye mawese kabla hajajua kwamba amekufa. Tunakula ugali wa muhogo sahani moja, na nikimzidi kasi ananipiga kofi mkononi.

Likizo iliyopita nikaamua: shule basi, nahamia huku. Nikamtangazia bibi tukiosha vyombo.

"Maisha rahisi ndiyo haya, mke wangu."

Alinitazama kama mtu anayetazama dagaa waliooza. "Rahisi? Haya. Kesho twende wote mtoni."

Bomba la kijijini lilikuwa limekauka tena, na likikauka watu huchota Malagarasi, na Malagarasi ina mamba. Kwa hiyo hakuna anayetia mguu majini. Ndoo inafungwa kwa kamba kwenye ncha ya mti mrefu, nawe unasimama juu ukingoni unaitumbukiza kama unavua. Tena huchoti mahali palepale siku mbili mfululizo. Mamba hajaenda shule, lakini ratiba anaijua kuliko mwalimu wa zamu.

Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia kabisa. Nikaanza mdomo. "Bibi, hapa hata kenge hakuna. Mnatishana tu ili watoto wasioge."

"Nyamaza, unamwita."

Akatumbukiza ndoo. Mti ukapinda.

Sikuona kichwa, sikusikia kishindo. Niliona tu visigino vya bibi vinateleza kwenye tope kuelekea majini, taratibu, kama mtu anayesukumwa kwenye foleni.

"Achia, bibi!"

"Ndoo mpya hii!"

"Achia ndoo!"

"Nishike kiuno, mpumbavu, usinipigie kelele!"

Nikamkumbatia kwa nyuma. Ndipo maji yalipofunguka nikamwona: jicho moja la njano halina haraka, na meno yakiitafuna ile plastiki kama mtu anayekula muwa. Tope lilikuwa linatupeleka sote wawili. Nilijaribu kusoma dua nikagundua nimeishia kwenye bismillahi, mengine yote yamekimbia. Bibi ni mwepesi, mifupa mitupu, na bado nilihisi ananitoka mikononi.

Kamba ikakatika. Tukaanguka kinyumenyume, mimi chini, bibi juu, na ndoo ikaenda zake.

"Mume gani unalia?" akasema.

Nilitaka kumjibu. Lakini niliona kanga imemfunguka na anajaribu kuifunga, vidole havishiki. Mikono ile imenichapa, imenilisha, imepasua kuni, sijawahi kuiona ikishindwa na fundo. Nikamfungia mimi. Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa, kuliko nilipoliona lile jicho.

Njia nzima nilimbembeleza ahame. Kwetu Ujiji bomba liko uani, hata akitaka kuoga mara tatu.

"Na choo napanga foleni na wapangaji wenu," akasema. "Hapa nikiamka natoka, naliona ziwa, simuagi mtu. Kwenu nitakaa nitazame ukuta mpaka nife."

"Na mamba je?"

"Mamba namjua anakotokea."

Mchana akaenda kukata mti mwingine. Mimi niliubeba, mrefu kuliko wa kwanza.

Sasa nimerudi shule, na habari za kuhamia sizitaji tena. Wenzangu wanangoja niwachekeshe kipindi cha kwanza, maana ndiyo kazi yangu. Lakini kipindi cha kwanza ndiyo saa anayoshuka mtoni. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi namwona bibi yuko ukingoni, mti mkononi, na nyuma yake hakuna mtu wa kumshika kiuno.