Vidonge Nilivyoviita Kwinini

Namshukuru Mungu aliyenivumilia hadi uzee huu, ingawa angeweza kuniumbua zamani.

Enzi za Wabelgiji nilikuwa muuguzi katika kambi ya wachimbaji, Musonoi. Kila Jumamosi wafanyakazi walipanga mstari, nami niliwawekea kwinini ulimini, wala hakuna aliyehoji. Mshambuliaji wa timu yetu ya mpira, Mkristo thabiti, alikuwa amekataa hirizi za wenzake kabla ya mechi na kambi jirani. Mimi nilitaka ushindi. Jumamosi ya mechi, zamu yake ilipofika mstarini, badala ya kwinini nilimpa vidonge vya kufukuza usingizi, ambavyo daktari alikataza kabisa kuwapa wachezaji.

“Tata, leo mbili?” aliuliza, akiniita baba kama vijana wote wa kambi.

“Meza, mutoto. Malaria haiogope mabao yako.”

Akacheka, akameza. Alasiri ile alifunga mabao matatu.

Kesho yake alisimama kanisani, macho mekundu kwa kukesha usiku kucha. “Mulinicheka juu ya kukatala hirizi. Muone sasa: ni maombi tu!”

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Tulimzika miaka mingi baadaye, na bado nilikuwa sijamwambia.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie kuungama wakati uliyemkosea angali anaweza kukujibu.