Chumvi ya Mzee Alisema

Fundi wa kushona viti vya magari alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mzee Alisema, na jina hilo alilipata kihalali. Ulipomuuliza kiti chako kitakuwa tayari lini, alisimamisha cherehani, akaitazama picha ya Mwalimu wake iliyotundikwa juu ya mabunda ya ngozi, kisha akajibu taratibu, "Mwalimu alisema haraka ni maradhi ya roho." Wateja walishaelewa maana yake ni wiki ijayo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Aliingia mjini akiwa mzee tayari, na sanduku la bati lililojaa vitabu, akapanga chumba nyuma ya gereji na kuanza kuwafundisha watu kumwimbia Krishna. Chumba kile ndicho kilichozaa hekalu lenye sakafu ya marumaru, maikrofoni na kamati. Sanamu ya Mwalimu imeketishwa kando ya madhabahu, na kichwani imevikwa kofia ya sufu. Siku alipofika kulikuwa na baridi naye alikuwa na mafua, akavaa kofia. Waliompenda wakaivika sanamu kofia hiyo, na hawajathubutu kuivua tangu hapo. Joto likizidi, feni ya ukumbi huelekezwa kwake, na walio hai hujipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Fundi alikuwa bado kijana Mwalimu alipomkabidhi jiko la Jumapili. Masharti yalikuwa wazi. Chakula ni cha Krishna kwanza, kwa hiyo mpishi haonji. Hata kunusa kwa uchu hakuruhusiwi. Chumvi ataipima kwa kiganja na kumwachia Bwana mengine. Sufuria zikishapelekwa madhabahuni na kengele ikalia, chakula kinageuka prasada, neema yenyewe, na nani atailaumu neema?

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kabla ya kengele chakula hakikuonjwa, na baada ya kengele hakikusemwa. Chumvi haikuwa na saa yake.

Kadiri miaka ilivyopita, kiganja kile kiliota sugu kwa sindano na gundi ya ngozi, kikaacha kuhisi uzito. Kilichokuwa kiasi kidogo cha chumvi kikawa konzi nzima. Waumini walikula dengu wamefumba macho, na wageni wakadhani ni sehemu ya ibada. Wengine walitokwa na machozi. Mhubiri akawataja kwa jinsi walivyoguswa. Wazee wenye presha wakaanza kufunga kila Jumapili, wakasifiwa kwa kujinyima.

Mwishowe mwenyekiti wa kamati, ambaye ni daktari wa meno, akaja karakana. Aliketi kwenye kiti cha lori kisicho na lori.

"Mzee wangu, kamati imekuonea huruma. Jumapili hii upike ya mwisho, kisha tukufanye mlezi wa jiko."

"Mlezi anashika mwiko?"

"Mlezi anashika cheo."

Fundi aliweka mkasi chini. Katika maisha yake kitu alichopewa na Mwalimu kwa mkono wake ni kile kimoja tu: jiko. "Chakula changu kina kasoro gani?"

"Ni prasada, mzee." Daktari alitazama viatu vyake. "Unataka niseme nini?"

Nyumbani alimkuta mkewe akichagua mchele. Akamweleza. Mkewe aliendelea kutoa mawe.

"Baba watoto, hivi chakula chako mwenyewe umewahi kukila?"

"Mwalimu alisema mpishi ahudumie wote, yeye ale mwisho."

"Na mwisho ukifika?"

"Naosha sufuria. Halafu nakuja kula kwako."

"Kumbe! Alisema ule mwisho, wewe ukaelewa usile kabisa." Aliusukuma ungo pembeni. "Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea Mwalimu maji ya kunawa. Akishanawa, alikuwa anawauliza watu nini?"

Fundi aliuvuta ungo, akatoa jiwe moja. "Alikuwa anauliza, kilikuwaje?"

"Na viazi vyako vya kwanza?"

"Alivimaliza vyote." Akatoa jiwe la pili. "Halafu alisema vimezidi chumvi."

"Alisema!" Mkewe alipiga makofi. "Hiyo nayo mbona hujawahi kututangazia?"

"Sasa na wewe mbona hujawahi kuniambia?"

"Niilaumu neema? Si ungehamia hekaluni!"

Jumapili alipika kwa kiganja kilekile, bila kuonja. Kengele ikalia. Alihudumia mstari hadi mstari, kisha badala ya kwenda kuosha sufuria, akaketi sakafuni na sahani yake. Ukumbi uliacha kutafuna. Alipeleka tonge mdomoni. Macho yakamtoka. Akanywa maji, akaomba mengine, akamaliza sahani yote kama Mwalimu alivyomaliza viazi vile. Kisha akasimama.

"Kilikuwaje?"

"Kitakatifu!" ukumbi ukaitikia.

"Hilo najua. Nauliza chumvi."

Feni ilizunguka ikipuliza kofia ya sufu. Mwenyekiti alikuwa ameshakamata shada la maua la kumvisha mlezi mpya, na mikono ilimwia mizito. Ndipo mama muuza maua, aliyeketi karibu na mlango, akajikohoza.

"Kaka yangu, imezidi. Ilianza kuzidi binti yangu hajaolewa, na leo ana wajukuu."

"Na wali unashikana!" mwingine akadakia.

"Na ule mvuje wa kunuka unaweka kama unafukuza nyoka!"

"Na mahubiri ni marefu!" Mhubiri akainama ghafla kutafuta kitu chini ya mkeka.

"Ndugu zangu, heshima," mwenyekiti alisihi.

"Waache," fundi alisema. "Mwalimu alikuwa anauliza kila siku. Alipokufa mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua nitajibiwa."

Mama muuza maua alimpokonya mwenyekiti lile shada. "Haya ni maua yangu, nayachukua. Jiko mwachieni mwenyewe. Ameshatufungulia mdomo, sasa mnataka kumpa cheo?"

Hakuna aliyepinga, hata wenye presha.

Jumapili iliyofuata fundi alisimama juu ya sufuria, akakunja kiganja, akamwaga nusu ya alichozoea, na hakuonja. Baada ya kula akauliza tena.

"Chapwa!" ukumbi ulijibu kwa furaha, kwa sauti moja, kama kiitikio cha wimbo.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaendea sufuria zake akitabasamu. Nyuma yake mtu mmoja, aliyeloa jasho, aliinua macho kwa sanamu, akaitazama ile kofia na kufungua kinywa. Kisha akakifunga. Hilo la kofia, alijisemea, tuliache kwanza kwa miaka michache.