Mguu wa Miaka Arobaini

Goti la dereva mstaafu lilikuwa limechoka kukanyaga breki ngumu za gari lake kuukuu. Bintiye, fundi magari, akalifungia gari busta, kifaa cha kuongeza nguvu ya breki ili mguu uguse tu. Jaribio kwenye mteremko wa sokoni ndilo lingeamua: aendelee kuendesha, au gari liuzwe.

“Baba, gusa tu, usikanyage.”

“Miaka arobaini nakanyaga, leo unifundishe kupapasa?”

Katikati ya mteremko, lori lililokuwa mbele likasimama ghafla. Mazoea yana taabu: mzee akakanyaga kwa nguvu zote. Magurudumu yakagoma kuzunguka, gari likaserereka upande, likasimama shibiri moja tu kutoka kwenye lori.

Mzee akafuta jasho. Binti akanyoosha mkono kuchukua ufunguo.

“Subiri, mwalimu,” mzee akasema kwa sauti ya chini. “Turudi juu. Safari hii nitagusa.”