Fomu ya Shule ya Urubani

Nina kumbukumbu moja ambayo kwa miaka mingi niliambiwa si kumbukumbu. Nimekaa juu ya bati pana, jeupe, lenye joto kama kikaango. Mkono wa mwanamume umenishika kiunoni nisianguke. Kuna harufu ya mafuta, na mbele yangu nyasi zimelala kwa upepo ambao sijui unatoka wapi. Kila nilipomsimulia mama alijibu bila kuinua macho, "Uliota hiyo." Nikamwamini. Mtoto atafanya nini?

Baba yangu alikuwa dereva. Hivyo ndivyo tulivyosema. Mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka, tulikimbilia Sudan nikiwa na miaka minne. Tuliporudi kwetu Koboko, mwalimu alipita darasani akiuliza kazi za baba zetu, na kila aliyesimama alisema dereva. Jamani! Darasa zima watoto wa madereva, na magari ya Koboko ungeweza kuyahesabu huku umesinzia. Mwalimu aliandika tu, hakucheka. Nadhani na yeye baba yake alikuwa dereva. Hakuna aliyetaka neno jeshi liwekwe kwenye karatasi, maana karatasi zilikuwa na tabia ya kumfuata mtu mpaka nyumbani.

Mimi nilitaka kurusha ndege. Sekondari nilisoma Arua, nikakaa mtaa wa Mvara, na kutoka pale niliisikia ndege ndogo ya wamisionari kabla haijaonekana. Niliacha kila kitu nikakimbilia kiwanjani, ambako mlinzi alifukuza mbuzi kwanza ndipo itue. Wenzangu walinipigia kelele nyuma, "Rubani, maharagwe yako inaungua!" Acha yaungue! Mimi nilikuwa juu tayari, kijiji cha Dadamu kiko chini yangu na mihogo yake, mawingu yanapita pembeni taratibu kama watu wanaorudi sokoni wameshauza kila kitu. Nilirudi jikoni jua limeshuka, nikala maharagwe machungu, na sikujali hata kidogo.

Nilipomaliza shule, mjomba wangu aliyekuwa ng'ambo aliandika kwamba atanisomesha urubani. Shule moja tu, nichague mwenyewe, na nikikosea nirudi Koboko nishike jembe, kwani hana uwezo wa mara ya pili. Niliandika barua nyingi. Shule tatu zikajibu.

Ya kwanza ilikuwa Marekani, pwani. Kitabu chake kilikuwa laini kama ganda la yai: ndege nyeupe pepepe, wanafunzi wamevaa miwani ya jua, bahari nyuma yao. Ya pili ilikuwa Uingereza, jumba la mawe lililoota majani ukutani. Ya tatu ilikuwa Kanada. Hao walituma karatasi mbili na picha moja: banda, theluji, na ndege iliyobambuka rangi. Nilishamaliza kuchagua kabla hata sijasoma. Wiki nzima nililala na ile bahari chini ya mto, mchana natembea mguu mmoja Koboko, mwingine sijui wapi.

Alasiri moja baba aliomba aone. Alikuwa ametoka kurekebisha mashine ya kusaga unga, kazi aliyosema alijifunzia kwenye magari. Mama alikuwa anapepeta simsim karibu yetu. Baba hakusoma maandishi, aliangalia picha tu, moja moja, kwa muda mrefu.

"Mama," aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, "hapa wanafunzi iko ngapi?"

Nikahesabu vichwa. "Thelathini."

"Na ndege?"

"Nne."

"Inang'aa sana. Chini hakuna hata tone ya mafuta. Hii ndege hairuki, hii inapigwa picha."

Nikapandwa na hasira. Bahari yangu! "Baba, wewe unajua nini juu ya ndege? Wewe ni dereva!"

Aliichukua ile picha ya Kanada akaiweka gotini. "Hii bawa imechubuka hapa, mahali mguu inapandia. Watu wanapanda hii kila siku." Akaendelea polepole, kama mtu anayejisemea. "Lakini theluji iko na kazi. Asubuhi unapangusa bawa na mkono, yote, hata kama vidole inakufa. Barafu ikibaki kidogo tu, ndege haiinuki."

Ungo wa mama ukasimama. Koboko hakukuwa na mtu aliyejua theluji inafanya nini kwenye bawa. Nilimtazama baba, yeye akatazama miguu yake.

Kesho yake aliniambia niziandikie shule zote tatu swali moja: fundi wenu ni nani, na anafanya nini ndege ikirudi? Niliona aibu, lakini niliandika. Tulingoja miezi. Marekani walituma kitabu kingine, kizuri kushinda cha kwanza. Waingereza walishukuru kwa swali. Kutoka Kanada ilikuja barua ya mkono, kurasa tatu, ya fundi mwenyewe, na pembeni ilikuwa na alama ya dole gumba la mafuta. Nilimtafsiria baba yote. Aliipokea, akainusa, akafumba macho.

"Enda kwa huyu," alisema.

Nikajaza fomu pale pale, kwenye kiti cha mama. Jina. Umri. Macho, kama walivyoyapima hospitali ya Kuluva. Kazi ya baba. Mkono wangu uliandika dereva wenyewe, kama ulivyofundishwa. Baba alikuwa ameinama begani kwangu.

"Kata hiyo."

"Baba?"

Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa ambazo sikuwahi kuziona: fundi wa ndege, jeshi la anga. Kumbe kuandika alijua vizuri kabisa, na theluji aliijulia huko jeshi lilikompeleka kusoma.

"Na wakikuja kukuchukua?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Wakuje. Mtoto hataanza kuruka na uongo." Mimi nilianza kulia kwa kumhurumia, kwa miaka yote ile ya mashine za kusaga.

Ndipo nikakumbuka. "Baba, lile bati jeupe. Lenye joto. Ulinishika kiunoni."

Alimtazama mama, kisha mimi.

"Ulikojoa juu ya bawa," alisema. "Nilipangusa mimi mwenyewe."