Muheme na Kiroboto wa Maji

Reli ilipofika kwetu ilileta chumvi, Wajerumani na kahawa. Chumvi Bibi alikuwa anaijua. Wajerumani hakuwataka. Kwa kahawa, jirani yetu ndiye aliyemfuata nayo, Mswahili aliyehamia karibu na stesheni na kuuza vikombe vidogo vyeusi visivyo na sukari. Bibi akaonja, akatangaza kwamba pombe ya uwele sasa ni ya watoto.

Kisha moyo ukaanza kumkimbia.

Bibi ndiye aliyekuwa akipiga muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani, na dada yangu alikuwa ndani, anakaribia kutolewa unyagoni. Siku ya mazoezi Bibi alikata wimbo katikati, akaketi chini, mkono kifuani. Mama akasema ngoma apewe mwanamke mwingine. Bibi hakumtukana. Tukajua anaumwa.

Jioni akaniita, mimi mjukuu wake. "Mume wangu, huko kwa Wajerumani mnafundishwa nini zaidi ya kusimama wima?"

"Na kukaa wima, Bibi."

Alicheka kidogo, akashika tena kifua.

Wiki ile mwalimu wetu, Mjerumani mwenye masharubu ya kutosha kufagilia darasa, alileta hadubini. Tulichota maji lamboni, njia ya kwenda kijiji cha Zuzu. Ndani mlikuwa na viroboto wa maji, wadogo kama punje za uwele, miili yao mithili ya kioo, hata moyo unauona ukipiga. Mwalimu akaagiza anayetazama agonge meza kwa vidole vile moyo unavyokwenda, wengine wasikilize. Akanichagua mimi. Kugonga meza ndiko kulikonipatia viboko vyote, na leo naombwa!

Nikagonga. Mwalimu akadondosha tone la kahawa kutoka kikombe chake. Moyo ukatimua mbio, vidole vyangu vikagongana. Akamhamishia mdudu kwenye maji safi, na hadi kengele ya mapumziko ule moyo ulikuwa umetulia.

Baada ya mapumziko akaweka mwingine, mkubwa, mzee, na kahawa zaidi. Moyo ukakimbia, ukajikwaa, vidole vyangu vikasimama. Darasa likacheka, maana walizoea mizaha yangu.

"Endelea kugonga," mwalimu akasema.

"Hakuna cha kugonga, Mwalimu."

Kicheko kikakatika.

Nikamuuliza kama moyo wa mtu nao ni hivyo. "Mtu si mdudu," akasema, akakitazama kikombe chake. "Lakini hata mimi daktari amenikataza cha pili."

Nilimkuta Bibi uani, kikombe mkononi. "Mbukwa, Bibi," nikamwamkia. Nikamsimulia yote. Mwanamume haigusi muheme, kwa hiyo nilipindua kibuyu nikamgongea palepale. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyowasikiliza wasichana wanaojifunza ngoma.

"Hapo," akasema nilipofika kwenye mbio. "Rudia."

Nikarudia.

"Huyo ni mimi."

Nikamgongea na yule wa mwisho, mpaka kimya chake.

"Alikuwa mzee?"

"Mzee, Bibi."

"Mzee kama nani?"

Mimi, ninayewajibu hata askari wa boma, nilikigeuzageuza kibuyu mikononi.

"Nigongee yule wa maji safi," akasema. Nikagonga taratibu. Akanisimamisha, akasahihisha mkono wangu, nikagonga tena. Kisha akaimwaga kahawa yake, akanituma nikirudishe kikombe kwa jirani. "Mwambie asinifuate." Siku zilizofuata kichwa kilimuuma kwa kukosa kahawa, na akamtukana kila mtu, pamoja na reli.

Siku ya dada kutoka, Bibi hakumwachia mwingine muheme yake, akaibana mwenyewe. Akapiga polepole mno.

"Bibi, leo ngoma imelala?" wanawake wakamtania.

"Chezeni na iliyolala," akajibu, na hakuharakisha. Wakalazimika kupunguza kasi ya miguu. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho wake, na Bibi alikuwa bado ameketi wima. Dada akatoka amepakwa mafuta, anang'aa.

Mimi nilisimama mbali, upande wa wanaume. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga paja mdundo uleule wa maji safi, na havikupotea hata mara moja.