Fundi anayeogopa miwani ya katibu

"Nikisimama leo, usinizime," anasema mke. "Ukinizima mbele ya majirani zangu, kitandani utalala na spika zako."

Fundi amepiga magoti sebuleni, anakunja nyaya kati ya kiganja na kiwiko, kama afanyavyo kila asubuhi ya mkutano. Chai yake imepoa. Walianza kugombana kabla watoto hawajaenda shule, na sasa jirani wa upande wa pili wa ukuta amepunguza redio ili asikie vizuri.

Yeye ndiye fundi wa vipaza sauti katika ukumbi wa halmashauri. Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili. Ada za watoto huzitafuta kwa kutengeneza redio za watu.

Mitaani wanamwita Bwana Hitilafu. Jina hilo amelipata kazini. Katika mikutano ya wananchi, mtu akianza kuuliza yanayouma, katibu wa halmashauri huvua miwani na kuifuta kwa tai. Hiyo ndiyo ishara. Fundi hushusha kitufe, kipaza sauti cha wananchi kinakufa, kisha yeye hutangaza kwa kile cha mezani kwake: "Samahani, kuna hitilafu ya mitambo." Muulizaji hubaki akichezesha midomo, watu wanacheka, mkutano unasonga mbele.

"Watoto wakiniona wananiuliza hitilafu imeamkaje," anasema fundi. "Nacheka nao. Nitafanyaje?"

Aliyemtangulia aliwahi kujifanya hakuiona miwani. Kesho yake alikuta kufuli jipya kwenye chumba cha mitambo, na juma hilohilo akaitwa kituoni kueleza anatumwa na nani. Alirudi nyumbani, lakini mpaka leo gari likipunguza mwendo karibu na kwake, maneno humkatikia mdomoni.

Swali la mke ni dogo. Wodi ya wazazi ilizinduliwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, kisha mlango ukafungwa. Mdogo wake alishikwa na uchungu, akafikishwa kwenye mlango huo, akakuta kufuli. Wakamkimbiza hospitali ya mbali. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

"Sitamtukana mtu," anasema mke. "Nataka waniambie ufunguo anao nani. Basi."

Fundi anamweleza kwamba akimzima atakuwa anamficha. Wanaouliza hufuatwa mpaka makwao, yeye amewaona wanaowafuata. "Swali lisilosikika halina mwenyewe," anamwambia.

"Na mtoto asiyelia, naye hana mwenyewe?"

Fundi anabeba spika, anatoka. Njiani anakiri moyoni kwamba amekwisha kufikiria siku atakayofukuzwa: atafungua kibanda cha redio pale pale barazani kwake. Kufukuzwa kunamtia hofu kidogo tu. Anachokihofia zaidi ni hodi itakayopigwa baadaye.

Saa nne ukumbi umejaa. Nyuma wamesimama wanaume wawili asiowajua, ingawa viti vipo. Wenzao wakipiga makofi, wao hawapigi. Fundi anafuta viganja kwenye suruali, anavifuta tena.

Mke anasimama mstari wa tatu.

"Mimi sina mengi," anasema. "Wodi ya wazazi ina kufuli. Naomba kujua, ufunguo…"

Katibu anavua miwani.

Kidole cha fundi kiko juu ya kitufe. Katibu anafuta kioo kimoja, anahamia cha pili, taratibu, kisha anainua uso na kumkazia macho. Wanaume wa nyuma nao wamegeuka. Mtu mmoja katikati ya ukumbi ameshaanza kucheka. "Hitilafu hiyo inakuja," anasema, na wenzake wanacheka naye.

Mke hamtazami mumewe. Ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, anasubiri kife.

Fundi anaondoa kidole kwenye kitufe na kukivuta karibu kile kipaza sauti cha mezani kwake. Anapofungua mdomo, sauti yake inatetemeka mpaka kwenye spika za nje.

"Mitambo ni mizima," anatangaza. "Aliyesimama hapo ni mke wangu. Mama, rudia swali letu."