Kunde Nilizopeleka Masara

Nilitoka Oyugis kwa sababu ya utepe na kunde. Kikundi chetu cha kina mama hupima mikono ya watoto wa kijiji kwa utepe wa rangi, kisha tunaulizana nani amepika nini wiki hiyo. Tukiona nyumba imepungukiwa na mboga, tunaigawia mbegu. Kwetu imesaidia. Basi nikatumwa kuwaonyesha wenzetu wa Masara, nikabeba mfuko wa kunde za mbegu zilizohifadhiwa kwenye jivu, nikijiona wa maana sana.

Asubuhi nilipita Rongo hadi mjini Migori, nikachukua bodaboda. Mashamba ya mahindi yakaisha ghafla, yakaanza mashimo, marundo ya udongo na mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nikaanza kujiuliza mbegu zangu zitakwenda wapi.

Masara nilipokelewa na Mama Atieno, ambaye ndiye aliyetualika. Nilimkabidhi mfuko, naye kabla hata ya chai akamleta mjukuu wake, Akoth. Nilipomfunga utepe mkononi, ulionyesha nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Tulimpeleka zahanati. Muuguzi akapima, akapata vilevile, akasema chakula cha watoto wa namna hiyo kimeisha, turudi baadaye. Njiani nikamwambia Mama Atieno, kama mjinga, kwamba kunde hukua upesi na majani yake yatamfaa mtoto.

"Nitapanda wapi, dada?" akaniuliza. "Shamba tuliwakodishia watu wa dhahabu. Wamechimba mpaka nyuma ya jiko."

Nilikata tamaa palepale barabarani.

Jioni alituandalia ugali na bakuli la kunde. Tonge la kwanza tu, nikahisi chembe za jivu kwenye meno. Mfuko wangu ulikuwa umekunjwa vizuri kando ya mlango, mtupu.

"Mgeni hawezi kulala njaa kwangu," alisema, akiwa ameinamisha macho. "Na huyu alikuwa analia."

Akoth alikula kwa mikono miwili. Nami nilikula, maana kukataa kungekuwa kumtukana mwenyeji wangu.

Kesho yake nilirudi nyumbani. Nilichojifunza ni kwamba tunajua sana kupima njaa, na mtu asiye na udongo kipimo hakimsaidii kitu. Inaniuma, na sijui la kufanya.

Jana kikundini waliniuliza kama kunde za Masara zimeota. Nikawaambia huko mvua bado.